Mtaro wa Mpakani

Kila asubuhi, kabla ya kunawa uso, Wa Kwanza alitoka nje kutazama vitunguu. Havikuwa vitunguu vyake. Vilikuwa vya mdogo wake.

Alisimama kwenye kona ya nyumba, mahali ambapo kivuli cha paa la bati kilimficha. Kutoka hapo aliyaona mashamba yote mawili. Lake lilikuwa juu, kando ya mfereji. La mdogo wake lilikuwa chini, upande wa korongo kavu. Bonde lote lilikuwa na rangi moja ya vumbi, isipokuwa pale palipofikiwa na maji. Mvua ilinyesha huko mara moja kwa mwaka, na miaka mingine haikunyesha kabisa.

Matuta ya mdogo wake yalikuwa ya kijani. Majani ya vitunguu yalisimama wima kama penseli mpya. Wa Kwanza aliyatazama kama mtu anayesoma barua isiyo yake.

"Chai inapoa," mkewe alisema akiwa mlangoni.

"Nakuja."

"Umefika tuta la ngapi leo?"

"Sihesabu matuta. Naangalia hali ya hewa."

"Hali ya hewa iko juu, baba watoto. Wewe unaangalia chini."

Watu wa bondeni walimwita Wa Kwanza kwa sababu mbili. Alikuwa mtoto wa kwanza, na alipenda kuwa wa kwanza. Baba yao alipozeeka aligawa shamba mara mbili, akamwambia mkubwa achague. Mkubwa alichagua kabla baba hajamaliza kusema. Alichukua sehemu ya juu, ambako maji ya mfereji yalifika mapema. Mdogo alichukua iliyobaki na kushukuru. Basi mtu angetarajia kwamba mwenye wivu atakuwa mdogo. Wivu haufuati hesabu hiyo. Mtu aliyechagua vizuri huumia zaidi anapoona aliyebakiziwa akistawi.

Na mdogo alistawi kweli. Msimu uliopita alivuna vitunguu vinene, vyenye ngozi kavu inayong'aa. Wa Kwanza alivuna vitunguu vya ukubwa wa gololi. Watoto wake walivichezea uani kwa siku tatu, mpaka mama yao alipovikusanya.

Msimu huu mambo yalikuwa mabaya zaidi. Ncha za majani zilikuwa njano, kisha zikakauka. Miche mingi ililala. Juu ya udongo kulitokea ganda jeupe, jembamba. Wa Kwanza alipolikanyaga, lilivunjika kwa sauti ndogo, kama ganda la yai.

Jambo hilo halikuwa la mchezo. Kamati ya mfereji ilikuwa na sheria moja ambayo kila mkulima aliijua kwa moyo. Shamba litakalokosa mavuno misimu miwili mfululizo litaondolewa zamu ya maji. Zamu yake itapewa shamba linalopakana nalo. Bila zamu ya maji, shamba katika bonde lile ni uwanja wa vumbi. Waliopoteza zamu walikwenda kuvunja kokoto kwenye machimbo, wao na wake zao. Wa Kwanza alikuwa ameshakosa msimu mmoja.

"Shamba linalopakana na letu ni la nani vile?" mkewe aliuliza siku moja, ingawa alijua.

Wa Kwanza alichukua jembe, akatoka. Kupoteza zamu lilikuwa jambo zito. Kuipoteza kwa mdogo wake lilikuwa jambo ambalo hakuweza hata kulitamka.

Alitafuta dawa, na akaipata haraka, kama kawaida yake. Mimea ilikuwa imenyauka. Mmea ulionyauka una kiu. Basi ulihitaji maji. Zamu zake zilikuwa mbili kwa wiki. Alizitumia zote, tena kwa muda wote. Alifungua lango la mfereji mpaka maji yakafunika matuta. Jirani mmoja aliposafiri, alimwomba na zamu ya tatu. Maji yalisimama shambani siku nzima, yakimeremeta juani. Mimea ilizidi kunyauka.

"Udongo umelowa," mkewe alisema. "Nimezama mpaka kwenye kifundo cha mguu."

"Umelowa juu tu. Chini ni mkavu."

"Umechimba ukaona?"

"Mambo mengine hayahitaji kuchimba."

Ndipo macho yake yalipoangukia mtaro.

Mwaka uliotangulia, mdogo wake alichimba mtaro mrefu kwenye mpaka wa mashamba yao mawili. Uliingia ardhini hadi kifuani, ukaenda ukamwaga maji kwenye korongo. Alichimba kila alasiri kwa miezi miwili. Alikuwa amemwalika kaka yake kwenye mafunzo ya bibi shamba, yule mtaalamu wa kilimo wa eneo lile, kabla ya kuanza. Wa Kwanza alijibu kwamba hajawahi kufundishwa kulima na mtu mwenye viatu safi. Kisha alisimama juu ya shimo na kuuliza kama mdogo wake anawachimbia nyoka nyumba.

Sasa aliuona mtaro ukitiririsha maji. Hiyo haikuwa siku ya zamu ya mtu yeyote. Alichuchumaa. Maji yalitoka polepole kwenye ukuta wa mtaro, na yalitoka upande wake.

Aliwaza hivi. Shamba langu liko juu, la mdogo wangu liko chini. Maji haya yametoka kwangu. Kwangu mimea ina kiu, kwake imeshiba. Kwa hiyo mtaro huu unaninyonya.

Nusu ya mawazo hayo ilikuwa sahihi. Maji yalitoka kwake kweli. Angechovya kidole na kuonja, angeujua ukweli wote siku ile ile. Lakini mtu mwenye wivu akishaona mwizi hatafuti ushahidi mwingine.

Siku mbili baadaye mdogo wake alifika nyumbani. Hakuwa ameoa, na mama yao aliishi kwake. Hilo nalo lilimuuma Wa Kwanza. Mama alisema alipenda chumba cha kule kwa sababu kilipata upepo. Wa Kwanza alitoboa dirisha la pili katika chumba chake cha wageni. Mama alilisifu dirisha hilo, akabaki kule kule.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba," alijibu Wa Kwanza, kama mtu anayeng'olewa jino.

"Nampeleka mama hospitali ya mjini. Macho yake yana mtoto wa jicho. Wamesema tukae kama wiki tatu, jicho moja kwanza."

"Mbona hakuniambia mimi?"

"Alisema una kazi nyingi shambani."

"Alisema hivyo, au wewe ndiye uliyesema?"

Mdogo aligeuza kofia yake mikononi. "Kaka, mimi naomba jambo moja tu. Siku yangu ya zamu, nifungulie maji. Saa moja inatosha, asubuhi na mapema. Na mtaro, tafadhali, upitie mara moja moja. Usije ukazibwa na takataka."

"Mtaro wako nitauangalia," Wa Kwanza alisema.

Mkewe, aliyekuwa akichambua mboga, aliinua kichwa. Alimjua mumewe. Ahadi ile ilitoka haraka mno.

Katika bonde lile, saa ambayo hakuna mtu nje ni saa saba mchana. Jua husimama juu ya kichwa, mawe huunguza mikono, na hata mbuzi hujibanza ukutani. Siku ya tatu baada ya mdogo kuondoka, saa saba mchana, Wa Kwanza alibeba magunia tisa. Aliyajaza udongo. Akayashusha mtaroni, akayapanga mawili mawili, akayakanyaga na kuyafunika kwa nyasi kavu. Maji yakasimama. Aliyatazama yakisimama, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi alihisi njaa ya kweli.

"Tope hilo la wapi?" mkewe aliuliza alipomwona akisafisha miguu.

"La shambani."

"Leo si siku ya zamu."

"Niwekee chakula."

Alitimiza ahadi ya zamu bila kasoro. Kila siku ya mdogo wake alifungua maji kwa saa moja kamili, watu wakiona. Mwenyekiti wa kamati alimsifu mbele ya wengine. "Huyo ndiye kaka," alisema. Wa Kwanza aliipokea sifa hiyo akitazama pembeni.

Wiki ya pili, matuta matatu ya juu katika shamba la mdogo yalianza kuwa njano. Wa Kwanza aliona furaha ambayo hakuweza kumsimulia mtu. Alikwenda kuyatazama asubuhi, mchana na jioni. Alikunywa chai ikiwa moto. Furaha hiyo ilidumu siku nne.

Siku ya tano aliingia katika shamba lake mwenyewe, ambalo alikuwa amelisahau kidogo. Sehemu ya chini, karibu na mtaro, ilikuwa bwawa la matope. Juu zaidi, ganda jeupe lilikuwa limesambaa mpaka langoni. Lilionekana kama mtu amemwaga unga. Kati ya matuta arobaini, yaliyobaki na kitu cha kijani yalikuwa sita.

Asubuhi iliyofuata pikipiki ilisimama mbele ya nyumba. Bibi shamba alishuka, akafungua kitambaa alichojifunga usoni kuzuia vumbi. Alikuwa mwanamke mwembamba, aliyekwishapita umri wa kuwabembeleza watu. Mkononi alikuwa na fomu ya kamati.

"Nimetumwa niandike kama shamba hili litavunwa," alisema. "Nisipoona dalili, zamu inahama. Tuanze. Umemwagilia lini?"

"Jana."

"Na kabla ya jana?"

"Juzi."

"Na mimea ina shida gani?"

"Ina kiu."

Bibi shamba aliitazama mimea, kisha akayatazama matope. "Imesimama ndani ya maji na ina kiu. Hilo halikushangazi?"

"Linanishangaza sana. Ndiyo maana naongeza maji."

Bibi shamba hakucheka. "Lete jembe. Chimba hapa, mpaka mkono wako uzame hadi kwenye kiwiko."

Wa Kwanza alichimba. Kabla hajafika kwenye kiwiko, maji yalianza kuingia shimoni kutoka chini.

"Chovya kidole. Onja kwa ncha ya ulimi, kisha uteme. Usimeze."

Alionja. Uso ulimkunjamana, akatema mara tatu.

"Yakoje?"

"Kama supu iliyotiwa chumvi na wapishi wawili."

"Chumvi hiyo nani kaitia?"

Wa Kwanza aligeuka bila kujua, akatazama upande wa shamba la mdogo wake. Bibi shamba aliyafuata macho yake.

"Si huko," alisema. "Umeitia wewe. Nisikilize. Maji ya mfereji yana chumvi kidogo sana. Huwezi kuionja. Jua la huku hunywa maji na kuiacha chumvi ardhini. Nchi zenye mvua nyingi, mvua huiosha ikaenda zake. Huku hakuna wa kuiosha. Sawa?"

"Sawa."

"Sasa wewe unamwaga maji mengi. Mmea unakunywa kidogo, mengine yanashuka chini. Chini hayana njia ya kutoka, basi yanajaa. Yanapanda siku hadi siku, mpaka yamefika hapa, kwenye kiwiko. Nyumbani kwako mna taa ya utambi?"

"Ipo. Tunaiwasha umeme ukikatika," mkewe alijibu. Alikuwa amefika na kikombe cha maji ya kunywa kwa mgeni.

"Mafuta yako chini. Nani huyapandisha juu?"

"Utambi."

"Udongo ni utambi. Maji yakikaribia juu, udongo huyavuta. Jua linakunywa maji. Chumvi inabaki juu, nyeupe, kama unavyoiona. Na mmea wenye chumvi kwenye mizizi hauwezi kunywa hata ukiogelea. Unanyauka. Wewe unaona kiu, unaongeza maji, na maji yanapandisha chumvi zaidi."

Wa Kwanza aliitazama mimea iliyolala. Kisha akauliza, "Basi niache kumwagilia?"

"Ukiacha utavuna mawe. Dawa ni kuyapa maji njia ya kutoka, yaondoke na chumvi yake. Mdogo wako ana mtaro hapo mpakani. Ulitakiwa ukusaidie hata wewe. Hilo ndilo linalonitatiza. Twende tuutazame."

"Hakuna haja," Wa Kwanza alisema. "Jua ni kali."

"Nimezaliwa humu humu bondeni."

Walifika kwenye mtaro. Upande wa juu maji yalikuwa yamejaa, yametulia na kuota ukoko wa kijani. Upande wa chini mtaro ulikuwa mkavu, umepasuka. Katikati palikuwa na rundo la nyasi. Bibi shamba alilisukuma kwa mguu.

"Nani kaweka haya?"

"Sijui," Wa Kwanza alisema. "Huenda yameletwa na maji."

"Maji yameleta magunia tisa. Yakayapanga mawili mawili. Yakayafunika nyasi."

"Maji yana nguvu."

Mkewe alikuwa amesimama nyuma yao. Alishuka ukingoni, akainama, akatazama kwa makini.

"Lile lenye kiraka cha buluu ni langu," alisema. "Kiraka nilikishona mwenyewe. Nimelitafuta wiki tatu."

Nzi mmoja alizunguka kichwa cha Wa Kwanza, naye hakumfukuza.

"Nilifikiri ananiibia maji," alisema hatimaye.

"Ulifikiri," bibi shamba aliuliza, "au ulitamani iwe hivyo?"

Swali lilikuwa dogo, na jibu lake alilijua. Angemkuta mdogo wake ni mwizi kweli, angelala vizuri zaidi.

Bibi shamba alitoa kalamu. "Wivu siuandiki. Fomu haina nafasi yake. Naandika udongo. Naandika kwamba shamba linaweza kupona. Kamati itapita baada ya siku sabini. Nusu ya shamba ikiwa na mmea ulio hai, zamu inabaki kwako. Ikikosa, unajua inakwenda kwa nani."

"Najua."

"Basi anza kutoa magunia."

Alishuka mtaroni. Gunia la mwisho lilipotoka, maji machafu yalikwenda kwa kishindo kuelekea korongoni. Wa Kwanza alikuwa amesimama katikati, na yalimfika mapajani. Mkewe alichukua gunia lake lenye kiraka, akalikung'uta, akaondoka nalo bila kugeuka.

Mdogo alirudi siku ya tatu yake. Mama alikuwa na kitambaa cheupe kwenye jicho moja. Wa Kwanza aliwasubiri mlangoni kwao. Alikuwa amepanga maneno yake vizuri, lakini mama alimtangulia.

"Daktari kanipa jicho moja tu kwa sasa," alisema, akitazama shambani. "Nalo linaniambia matuta matatu ya juu yamekauka. Au nirudi akalitazame tena?"

"Liko sawa, mama," Wa Kwanza alisema. Akamgeukia mdogo wake. "Niliziba mtaro. Kwa makusudi. Siku kumi na tisa."

Mdogo aliweka mfuko wa dawa chini polepole. "Nilikuomba uuangalie."

"Niliuangalia. Ndipo nikauziba."

"Kwa nini?"

"Niliona maji yanatoka kwangu yanakuja kwako. Na wewe unastawi."

Msomaji angetaka kusikia kwamba mdogo alimkumbatia kaka yake. Hakumkumbatia. Alisema kwa sauti ambayo kaka yake hakuwa ameisikia tangu utotoni:

"Maji hayo yalikuwa yananiua, kaka! Unafurisha maji huko juu, na chumvi yako yote inashukia kwangu. Nilikuwa na njia mbili. Nikushitaki kwa kamati, au nichimbe. Nikachimba. Miezi miwili, mikono inatoka damu, na wewe umesimama juu unanicheka. Unadhani niliuweka mpakani kwa mapenzi? Niliuweka pale ili nikuzuie."

Wa Kwanza aliinamisha kichwa. Kwa mwaka mzima alikuwa amemwonea kijicho mtu aliyekuwa akijikinga naye.

"Nakuomba radhi," alisema.

"Radhi nitaitazama," mdogo alijibu. "Kwanza nataka mtaro mwingine. Ndani ya shamba lako. Kutoka langoni mpaka uungane na huu wa mpakani. Sikuchimbii hata futi moja. Nitakuonyesha usawa tu."

"Nitachimba," Wa Kwanza alisema.

Kesho yake mdogo alileta mpira mwembamba unaopitisha mwanga, ule ambao mafundi ujenzi huujaza maji ili kupima usawa wa ukuta. Kila mmoja alishika ncha. Maji katika ncha mbili husimama usawa mmoja, hata kama ardhi imepinda. Kwa mpira huo walijua mtaro unapaswa kuteremka wapi, na kwa kiasi gani. Mdogo alipigilia vigingi. Wa Kwanza alichimba asubuhi na alasiri kwa siku kumi na mbili. Alipochoka alitazama mtaro wa mdogo wake, akaona kuta zake zimenyooka kuliko za mtaro wake mwenyewe. Hilo lilimrudisha kwenye jembe haraka kuliko maneno ya mtu yeyote. Wivu haukuwa umeondoka. Ulikuwa umepewa kazi.

Mtaro ulipokamilika, bibi shamba alirudi na kuwapa hatua zilizobaki. Wa Kwanza alizifuata kama zilivyo, jambo ambalo mkewe alilitangaza kwa majirani.

Kwanza alisawazisha udongo, akaweka kingo ndogo pande zote. Kisha akafungua maji yakafunika shamba, akasubiri. Hakuongeza. Alisubiri mpaka maji yote yalipopenya chini na mtaro ulipoacha kutiririka. Ndipo akarudia. Alifanya hivyo mara tatu. Kila mara maji ya mtaro yalitoka na chumvi na kuipeleka korongoni. Yale ya mara ya tatu aliyaonja kwa ncha ya ulimi, akayatema. Yalikuwa na ukali mdogo tu.

"Sasa vitunguu," alisema.

"Vitunguu vinachagua," bibi shamba alimwambia. "Havipendi chumvi hata kidogo. Msimu huu panda mtama. Unavumilia. Na usipande juu ya tuta."

"Sisi sote tunapanda juu ya tuta. Baba alipanda juu ya tuta."

"Baba yako alianza na udongo ambao haujachoka. Maji yakipita kwenye mfereji mdogo kati ya matuta, chumvi hukimbilia mahali pa juu kabisa. Kileleni mwa tuta. Na hapo ndipo mnapoweka mbegu. Panda ubavuni, karibu na maji. Kilele iachie chumvi."

Aliinua matuta upya, akapanda ubavuni. Alifunika udongo kwa mabua makavu ili jua lisinyonye maji upesi. Alimwagilia mara moja kwa wiki, asubuhi na mapema. Kabla ya kufungua maji alichimba kwanza kwa mkono kuona kama udongo umekauka chini. Zamu ya pili aliiacha ipite. Siku ya kwanza alipoiacha alikaa ndani, maana hakuweza kutazama maji yake yakipita mbele ya lango kwenda kwa wengine.

"Yanakwenda kwa nani?" aliuliza akiwa chumbani.

"Kwa watu wenye kiu," mkewe alisema. "Kula."

Siku ya sabini kamati ilipita. Karibu na lango palibaki kipande cheupe, kikubwa kama ua wa nyumba, ambacho hakikuota kitu. Lakini kutoka hapo hadi mpakani mtama ulisimama, na mahali pengi ulimfikia mwenyekiti kifuani. Mwenyekiti alipima kwa hatua zake, akahesabu kwa sauti. Mkewe Wa Kwanza alihesabu naye, kimya, akisogeza midomo. Walipovuka nusu, alikaa chini pale pale kwenye ukingo.

"Zamu inabaki," mwenyekiti alisema, akaandika.

Mdogo alikuwa amesimama upande wake wa mtaro. Alimwitikia kaka yake kwa kichwa mara moja, akarudi kwenye palizi. Msimu uliofuata mashamba yote mawili yalikuwa na vitunguu. Vya Wa Kwanza vilifikia ukubwa wa ngumi ya mtoto. Vya mdogo vilifikia ukubwa wa ngumi ya mtu mzima. Wa Kwanza alilijua hilo kwa sababu alipima.

Habari zilienea. Wakulima wanne wa sehemu ya juu ya bonde, wenye ganda jeupe mashambani kwao, waliletwa na bibi shamba kuuona mtaro. Walikuja na madaftari. Wa Kwanza aliwatembeza. Aliwaeleza utambi, chumvi, kupanda ubavuni, na mpira wa kupimia usawa. Alieleza vizuri. Alifurahi kutazamwa na watu wanaoandika.

"Na huu wa mpakani, ulio mkubwa," mmoja aliuliza, "uliuchimba wewe?"

Bibi shamba alimtazama. Mkewe, aliyekuwa akiwamiminia wageni maji, aliacha kumimina. Mdogo wake alikuwa mbali, amewapa mgongo, asingesikia neno.

Wa Kwanza alikohoa. "Aliuchimba mdogo wangu," alisema. "Yule pale. Mimi niliuziba kwa siku kumi na tisa. Andikeni na hilo."

Kalamu zilisimama.

"Uliuziba kwa nini?"

"Wivu."

Watatu waliinamisha vichwa, wakaandika. Wa nne, mzee mwenye shati la mistari, hakuandika. Alifunga daftari lake, akauliza kama kuna usafiri wa kurudi mapema. Alisema amekumbuka kitu alichokiacha kwenye mpaka wake na shemeji yake, na ni bora akakitoe kabla jua halijazama.

Bibi shamba alimpa lifti kwenye pikipiki. Hakumuuliza ni kitu gani.